Uliza Ujibiwe: Barkley aliondoka au aliachiwa?

Barua nyingi za safari hii zimetoka Moshi na Arusha, na zinahusu mpira wa Kimarekani, ule wa mpira uliochongoka na kofia ngumu. Chanzo tunakijua: ni marobota ya mitumba. Jezi za NFL, ligi kuu ya mchezo huo, zinashuka sokoni, watu wanazivaa, halafu siku moja mtu anauliza jina lililoandikwa mgongoni ni la nani.

Mhariri, habari za kazi. Hapa sokoni Memorial nilinunua jezi ya buluu ya New York Giants, namba 26, BARKLEY. Jamaa kijiweni ananicheka, anasema huyo ni msaliti, aliwakimbia akaenda kwa watani wao kama Chama alivyotoka Msimbazi akaenda Jangwani. Ni kweli? – Msomaji, Pasua, Moshi

Jamaa yako kapata nusu ya habari. Mfano wa Chama unakaa vizuri kwa jambo moja: mkataba uliisha. Clatous Chama alimaliza mkataba Simba katikati ya 2024, akaenda Yanga akiwa mchezaji huru. Miezi michache kabla yake, Machi 2024, Saquon Barkley naye alimaliza mkataba na Giants akasaini Philadelphia Eagles. Timu hizo mbili zimo katika kundi moja la timu nne na hukutana mara mbili kila msimu, kwa hiyo utani wao ni wa damu. Lakini hapakuwa na mkataba uliovunjwa wala ada ya uhamisho.

Nusu aliyoiacha ni hii: Giants walikuwa na uwezo wa kumzuia, na hawakumzuia.

Barkley ni raningi beki, yaani yule anayesimama nyuma, anakabidhiwa mpira mkononi na kwota beki, yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, kisha anapenya katikati ya miili ya watu wenye kilo 130 na zaidi. Giants walimchukua mwaka 2018 akiwa chaguo la pili katika drafti nzima, yaani zoezi la kila mwaka ambapo klabu huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Mwaka 2023 walimwekea tegi, kizuizi cha mwaka mmoja tutakachokieleza katika jibu linalofuata, chenye thamani ya dola milioni 10.09. Kumwekea tena 2024 kungewagharimu dola milioni 12.1. Wakakataa. Eagles wakampa miaka mitatu kwa dola milioni 37.75.

Sasa piga hesabu. Gawa 37.75 kwa tatu, utapata kama milioni 12.6 kwa mwaka. Tofauti na tegi ya pili haifiki nusu milioni! Kwa hiyo wanaosema alifuata hela wanakosea mahali pa kutazama. Kilichomhamisha ni milioni 26 ambazo Eagles waliziandika kuwa za uhakika, yaani anazipata hata kama goti litakatika siku ya kwanza ya mazoezi. Goti lake lilishakatika ligamenti Septemba 2020, kwa hiyo neno uhakika kwake si pambo. Katika NFL mshahara ulioandikwa bila uhakika ni ahadi tu, kwa sababu klabu inaweza kukuacha kabla ya msimu na usilipwe kilichobaki.

Upande wa Giants nao walikuwa na hoja. Mwaka 2023 Barkley alibeba mpira mara 247 akapata yadi 962, wastani wa 3.9 kwa kila kubeba. Ukiisoma namba hiyo peke yake utasema mtu kachoka. Kosa lao, kwa maoni yetu, ni kuisoma peke yake. Msimu huohuo makwota beki wa Giants waliangushwa wakiwa na mpira mkononi mara 85. Ukuta wa mbele, yaani wale wakubwa wanaowakinga wenye mpira, ukivuja hivyo, mkimbiaji anakutana na adui kabla hajapata hatua ya pili, na hakuna miguu inayoponya hilo. Nyuma ya ukuta wa Eagles mtu huyohuyo alibeba mara 345 akapata yadi 2,005, wastani wa 5.8. Giants msimu huo wa 2024 walishinda mechi 3 wakafungwa 14.

Mashabiki walipokeaje? Kwa hasira, na hasira haikuwa ya mashabiki wa kawaida tu. Tiki Barber, raningi beki wa zamani wa Giants, alitangaza redioni kwamba kwake Barkley ni sawa na marehemu. Mmiliki mwenza wa klabu, John Mara, alinaswa na kamera ofisini akimwambia meneja wake kwamba atakosa usingizi jamaa akienda Philadelphia. Oktoba 20, 2024 Barkley alirudi kwenye uwanja wa Giants, akazomewa, akakimbia yadi 176 kwa kubeba mara 17 tu, na Eagles wakashinda 28 kwa 3. Februari 9, 2025, siku aliyotimiza miaka 28, akatwaa Super Bowl, fainali ya ligi hiyo.

Vaa jezi yako, ndugu yetu. Kama yupo wa kuitwa msaliti, msomaji wa mkataba huu hatamwona Barkley.

Hiyo tegi inafanyaje kazi? Na kwa nini mchezaji asitafute kujitoa mwenyewe kama Feisal Salum alivyotaka kutoka Yanga mwishoni mwa 2022? – Msomaji, Kaloleni, Arusha

Sakata la Fei Toto liliwezekana kwa sababu katika soka mkataba una bei: klabu nyingine inalipa, au mchezaji anadai kipengele cha kujinunua, na mabishano yanaishia kwenye kamati. NFL haina mlango huo. Mchezaji hajinunui, na klabu haziuziani watu kwa fedha. Hubadilishana mchezaji kwa mchezaji au kwa nafasi za drafti. Christian McCaffrey, raningi beki pia, aliondoka Carolina Panthers kwenda San Francisco 49ers Oktoba 2022 kwa nafasi nne za drafti.

Njia ya mchezaji inakwenda hivi. Anachaguliwa kwenye drafti, mara nyingi akiwa na miaka 21 au 22, na timu hachagui yeye. Mkataba wa kwanza ni miaka minne. Aliyechaguliwa raundi ya kwanza, klabu inaweza kumwongezea mwaka wa tano bila kumuuliza. Ukiisha huo, kuanzia mwishoni mwa Februari klabu ina majuma mawili ya kumwekea tegi mchezaji mmoja tu. Bei ya tegi hupatikana kwa kuangalia mishahara mitano ya juu ya nafasi yake, au asilimia 120 ya alichopata mwaka uliopita, na kinachochukuliwa ni kikubwa kati ya hivyo viwili. Ndiyo maana 10.09 iligeuka 12.1. Katikati ya Julai dirisha la kukubaliana mkataba mrefu linafungwa. Baada ya hapo ni mwaka mmoja tu, upende usipende.

Kukataa unaweza. Hakuna atakayekufunga kamba, ila hulipwi. Le'Veon Bell wa Pittsburgh Steelers aligoma msimu mzima wa 2018 akaziacha dola milioni 14.5 mezani. Wenzake waligawana viatu na vitu vyake kabatini waandishi wakiangalia. Mwaka uliofuata New York Jets walimpa mkataba wa miaka minne wa milioni 52.5, lakini Oktoba 2020 wakamwacha. Wengine humwita shujaa. Kwa raningi beki, sisi tunaona mwaka mzima nje ya uwanja ni ghali kuliko karibu chochote unachoweza kudai.

Jumlisha miaka sasa. Mtu anaingia na 21 au 22, anatumikia mitano, anawekewa tegi moja: anapata uhuru akiwa na 27 au 28. Mpiga teke au kwota beki katika umri huo bado kijana. Mkimbiaji, mameneja wanamwangalia kama gari linalouzwa, jicho kwenye kilomita zilizotembea.

Basi akifika miaka 30 ndiyo kwisha habari yake? – Dada msomaji, Shantytown, Moshi

Hapana, dada, ingawa wengi huishia hapohapo. Derrick Henry aliachwa aondoke Tennessee Titans Machi 2024 akiwa na miaka 30 kamili. Baltimore Ravens wakamchukua kwa dola milioni 16 za miaka miwili, bei ya mitumba kwa mtu wa hadhi yake. Akakimbia yadi 1,921 msimu huohuo.

Ila usimchukue Henry ukamfanya kanuni. Mchukue na DeMarco Murray umweke pembeni yake. Mwaka 2014 Dallas Cowboys walimbebesha mpira mara 392, mzigo wa punda, akapata yadi 1,845. Mkataba ukaisha, Eagles haohao wakamchukua, na mashabiki wa Dallas wakalia kama wa Giants walivyokuja kulia baadaye. Mwaka 2015 akapata yadi 702 tu. Alikuwa na miaka 27, si 30. Mwaka 2016 akiwa Titans akapanda tena hadi 1,287.

Kwa hiyo shabiki anayetaka kujua kama klabu yake imekosea au imepona asianze na umri. Aangalie kwanza alibeba mara ngapi msimu uliopita. Zikipita 370 kengele ilie. Pili aangalie ukuta anaoukuta huko aendako. Tatu ni kama mfumo mpya unampa mpira kwa namna aliyoizoea. Murray huko Philadelphia alipokea mpira akianza kukimbia kwa ubavu, naye ni mtu wa kushuka moja kwa moja. Umri uje wa nne.

Mchezaji akiondoka klabu inaokoa mshahara wake wote? – Msomaji, Njiro, Arusha

Inategemea kaondokaje. Kila klabu ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2024 kilikuwa dola milioni 255.4. Fedha ya kusaini hulipwa mkononi mara moja, lakini kwenye hesabu ya kikomo husambazwa kwa miaka ya mkataba, isizidi mitano. Tuseme ni milioni 10 kwa miaka mitano: kila mwaka zinahesabiwa mbili. Ukimwacha baada ya miaka miwili, zile sita zilizobaki zinakuangukia kwenye kikomo, na yeye hayupo. Wenyewe huziita fedha mfu. Ukimwacha baada ya Juni 1, sehemu inahesabiwa mwaka huu na iliyobaki mwaka ujao. Mkataba ukiisha wenyewe kwa kawaida, hakuna cha kukuangukia.

Mechi zinachezwa saa ngapi kwa saa za kwetu? – Msomaji, Sakina, Arusha

Jumapili, kundi la kwanza saa mbili usiku, la pili saa tano na dakika chache, na ile ya usiku wao ni saa tisa na dakika 20 usiku kuamkia Jumatatu. Jumapili ya kwanza ya Novemba Marekani hurudisha saa nyuma, kwa hiyo kuanzia hapo ongeza saa moja kila mahali. Super Bowl, ya Februari, huanza saa nane na nusu usiku, na hapo saa hiyo imeshaongezwa.

Mimi ni fundi cherehani. Wateja wananiletea jezi hizi wakitaka jina la mchezaji aliyehama litolewe. Nyingine zinachanika. Nakosea wapi? – Msomaji, Majengo, Moshi

Huenda unafumua herufi mojamoja. Geuza jezi ndani nje kwanza uangalie. Ukiona mistari ya uzi kuzunguka jina, ni jezi ya kushonwa: herufi zimeshonwa juu ya kipande kirefu cha kitambaa, na kipande hicho ndicho kilichoshonwa mgongoni. Ziache herufi, fumua kipande chote. Kata uzi kwa wembe mpya upande wa ndani, kila mshono wa tatu au wa nne, kisha geuza na uvute uzi wa juu, utatoka mrefu. Wembe ulale sambamba na kitambaa. Ukiuinua unatoboa neti, na tundu la neti linakimbia. Matundu ya sindano yanayobaki yafute kwa ukucha kitambaa kikiwa na unyevu wa maji ya vuguvugu, mengi yatajifunga.

Ukiona ndani hakuna uzi, jina limechapwa. Hapo usibandue, na usitumie tina wala asetoni: rangi ya jezi inaweza kutoka na gundi ikabaki. Pasi ya moto nayo inayeyusha poliesta na kuacha ng'aro isiyofutika. Dawa ni kufunika. Pima jina, ongeza sentimita moja na nusu kila upande (mara nyingi utaishia na kipande cha urefu wa sentimita 35 hivi na kimo cha 10), kata poliesta ya rangi ileile, kunja pindo, shona kwa sindano namba 11 ya ncha butu na uzi wa poliesta. Usitumie pamba, ikifuliwa inaruka na kuacha mikunjo.

Na umwambie mteja mapema: kwenye jezi iliyokaa juani, ukitoa kipande cha jina sehemu iliyokuwa chini yake itaonekana nyeusi zaidi kuliko mgongo wote. Barkley kwa herufi zake saba huacha alama ya mstatili inayosomeka kutoka ng'ambo ya barabara. Asiyetaka hivyo, mfunikie juu yake.