Kabla hamjashika sindano, waulizeni wenyewe

Dada zangu mlioko Marekani, mnaponiuliza jinsi ya kuanzisha kikundi cha wanawake Weusi cha kupinga ubaguzi kwa sanaa, wengi mnaanza na pesa. Pesa itatafutwa. Anzeni na watu ambao kazi hiyo inawahusu.

Ninayemfuata katika hili ni Faith Ringgold, mchoraji Mweusi wa Harlem, mtaa wa New York, aliyefariki 2024. Mwaka 1971 alipata ruzuku ya kuchora picha kubwa kwa ajili ya gereza la wanawake lililoko Rikers Island, kisiwa cha magereza cha New York. Kwanza alizungumza na wafungwa, akawauliza wanataka kuona nini. Mmoja akataka njia ndefu ya kumtoa humo ndani. Basi Ringgold akawachorea wanawake wakiwa kazini: dereva wa basi, daktari, polisi, hata rais wa nchi. Mwaka huohuo yeye, Kay Brown, Dindga McCannon na wenzao walianzisha Where We At, kikundi cha wanawake Weusi wasanii. Sababu ni kwamba nyumba za maonyesho ya sanaa za Wazungu ziliwafungia milango, na vikundi vya wasanii Weusi vilishikwa na wanaume.

Kikundi chetu hushona mablanketi ya viraka kwa familia ambazo vijana wao wameuawa na polisi. Mama mmoja alituletea shati la mwanawe. Mwenzetu akapendekeza tushone ngumi iliyoinuliwa juu, ishara ya mapambano ya Weusi. Mama akatikisa kichwa. Alichotaka ni mkasi usiguse mfuko wa kifuani, kwa sababu kijana alikuwa akichomeka kalamu hapo na doa la wino lilikuwa bado lipo. Tukapanga viraka vyote kuuzunguka mfuko ule, na kila anayeliona blanketi huuliza habari za doa. Mama ndiye hujibu, akitaka.

Jambo la pili ni makaratasi, na hapa msioneane haya. Mwaka 1988 jengo lile la Rikers lilipogeuzwa kuwa la wanaume, picha ya Ringgold ilipakwa rangi nyeupe yote. Ilikuja kuokolewa, lakini ingeweza kupotea kabisa. Nasi taasisi moja iliyotundika blanketi letu ililishusha na kulitupia stoo bila hata kutupigia simu. Tulilirudisha haraka kwa kuwa tulikuwa na mkataba uliosainiwa.

Kwa hiyo andikeni: kazi ni ya nani, nani ataitunza, wakitaka kuishusha wamwarifu nani, na siku ngapi kabla. Waandishi wa habari wakija, lisitajwe jina la msemaji peke yake. Majina ya wote walioshona yawe kwenye kibao. Pesa yoyote ikipatikana, anzeni na nauli ya wenzenu wanaotoka zamu ya usiku na malipo ya mtu wa kuwaangalia watoto wa wenzenu walio na watoto, maana wenzenu hao ndio hukosekana kwanza. Na mkataba useme wazi kwamba kikundi kikivunjika, blanketi linakwenda kwa familia ya marehemu.