Kompyuta Ilikuwa Inaishi Mwaka 2009

Kuna mteja nilimlazia kompyuta yake bure. Alikuja steshenari kwangu jioni, amechoka, kila tovuti anayofungua inamletea ukurasa wa onyo kwamba muunganisho si salama. Barua pepe hola. Google yenyewe hola. Nikamwambia kwa sauti ya mtaalamu, "Hii ni virusi kaka, iache tuipige Windows upya." Nikakesha. Nikahamishia mafaili yake kwenye flashi, nikaweka Windows, nikaweka kivinjari, asubuhi nikaifungua mbele yake kwa madaha. Onyo lilelile.

Aliyeniokoa ni kijana anayetengeneza simu kibanda cha jirani. Alichungulia tu, akanyooshea kidole kona ya chini ya skrini: "Dada, mbona hii mashine iko 2009?"

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ukurasa wenyewe ulikuwa umeshasema. Uliandika kwa Kiingereza, maandishi makubwa, kwamba saa ya kompyuta iko nyuma. Mimi niliona onyo nikaacha kusoma. Tangu siku hiyo, mtu akiniambia "intaneti inagoma", naomba kwanza anisomee kilichoandikwa, mpaka ule mstari wa herufi kubwa pale chini ambao kila mtu anauruka.

Mstari huo una maana. Chukua mfano wa barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa. Ukiipeleka benki, ofisa anatazama mambo matatu: jina lililoandikwa ni lako? Tarehe bado inafaa? Mhuri ni wa ofisi anayoitambua? Tovuti inayoanza na https nayo hubeba barua ya namna hiyo, huitwa cheti, na kivinjari chako ndicho ofisa wa dirishani. Jibu moja likiwa hapana, unarudishwa. Ule mstari wa chini ndio unaotaja jibu lililokosekana. Kwenye kivinjari cha Chrome, NET::ERR_CERT_DATE_INVALID ni ugomvi wa tarehe. NET::ERR_CERT_COMMON_NAME_INVALID ni ugomvi wa jina. NET::ERR_CERT_AUTHORITY_INVALID maana yake mhuri haujulikani. Firefox, kivinjari kingine, ina maneno yake, kama SEC_ERROR_EXPIRED_CERTIFICATE na SEC_ERROR_UNKNOWN_ISSUER, ila maswali hayabadiliki.

Ugomvi wa tarehe ndio ninaokutana nao zaidi, hasa kwenye kompyuta za mezani. Kuna betri ndogo ya duara ndani ya mashine, kama sarafu, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kuifanya saa iendelee kutembea hata umeme ukikatika. Ikifa, kila mkatiko wa umeme unairudisha mashine kwenye tarehe ya kiwandani, na kwa mashine inayodhani tuko 2009, cheti kilichotolewa mwezi jana ni barua iliyoandikwa miaka mingi ijayo. Saa ikipotea mbali hivyo, mara nyingi Windows haijirekebishi yenyewe hata ukiwa na mtandao. Isogeze kwa mkono kwanza, tarehe na mwaka, hakikisha na ukanda wa saa ni wa Nairobi au Dar, ndipo uwashe ule mpangilio wa saa kujiweka sawa yenyewe. Kisha nunua betri. Usiponunua, umeme ukikatika tena mtaonana.

Sasa sikiliza hiki, maana kilinichukua wiki nzima. Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi alikuwa akilalamika kwamba tovuti moja anayoagizia mzigo inamgomea asubuhi lakini mchana inafungua vizuri, halafu baada ya siku nyingi inarudia. Mwaka uko sawa. Tarehe iko sawa. Simu yake, kwenye Wi-Fi ileile, inafungua. Nikakaa hapo dukani nikiangalia skrini mpaka nikaona: ilikuwa saa tatu asubuhi, na kompyuta inasema 3:00. Mzee alikuwa ameiweka kwa saa zetu za Kiswahili! Alizima ile ya kujiweka sawa kwa sababu "inaniletea saa za Kizungu". Kwa hiyo mashine iko nyuma saa sita. Kwa tovuti nyingi saa sita hazidhuru kitu. Lakini tovuti ikibadilisha cheti chake alfajiri, kompyuta ya mzee inaona cheti ambacho bado hakijaanza kufanya kazi, na itakikataa mpaka mchana saa yake ifike. Tulikubaliana kwamba saa ya Kiswahili ikae ukutani. Hakufurahi sana.

Kama saa iko sawa na onyo bado lipo, usianze kufuta na kusakinisha. Tafuta kwanza mwenye kosa: kifaa chako, mtandao unaotumia, au tovuti yenyewe. Njia yangu ni ya kizembe na inafanya kazi. Fungua tovuti ileile kwa simu ya mwenzako kwenye Wi-Fi hiyohiyo. Ikifungua, tatizo ni kifaa chako. Ikikataa, zima Wi-Fi, washa hotspoti ya simu, jaribu tena. Ikifungua hapo, mtandao ule ndio wenye neno. Ikikataa kila mahali, ni tovuti, na hakuna kitu utakachobonyeza kwako kitakachoitengeneza.

Mtandao wenye neno mara nyingi ni Wi-Fi ya hoteli, ya stendi, au ya mgahawa, ile inayotaka kwanza uingize namba ya simu au nywila kwenye ukurasa wao. Unaomba tovuti ya benki, wao wanakudaka njiani wakuoneshe ukurasa wao, kivinjari kinaona jina si lenyewe, kinapiga kelele. Kimefanya kazi yake. Andika neverssl.com kwenye sehemu ya anwani. Ni tovuti iliyotengenezwa makusudi bila https, kwa hiyo wanaweza kukuonesha ukurasa wao bila vurugu. Ukishaingia, endelea na mambo yako. Hali hiyohiyo huweza kutokea bando likiisha na kampuni ya simu ikitaka kukupeleka ukurasa wa kununua jingine. Watu huhangaika na mipangilio ya simu kumbe wanadaiwa vocha.

Kwenye kifaa, ukiacha saa, mshukiwa wangu wa pili ni antivirasi. Nyingine huchungulia mawasiliano yako ya https kwa kuvunja barua ya tovuti na kukuandikia nyingine yenye mhuri wao. Mambo yakienda vizuri hujui. Yakiharibika, kwa mfano leseni imeisha au ilikuwa ya kuibaiba, kila tovuti inageuka ya mhuri usiojulikana. Bonyeza sehemu ya kuangalia cheti, usome kilitolewa na nani. Ukiona jina la antivirasi mahali pa mtoa vyeti, umempata. Zima kipengele cha kukagua https au iondoe kabisa. Mwanafunzi mmoja alikuwa na mbili kwenye laptopu moja, zinapigania mlango. Tuliondoa zote, tukaacha ile inayokuja na Windows.

Simu kuukuu zina habari yao. Orodha ya mihuri inayoaminika hukaa ndani ya simu, na simu isiyopata masasisho inabaki na orodha ya zamani. Let's Encrypt, shirika linalotoa vyeti bure kwa tovuti nyingi sana duniani, mhuri wake mkuu haumo kwenye Android zilizo chini ya 7.1.1. Kwa miaka kadhaa walizisaidia simu hizo kwa kudhaminiwa na mhuri wa mtoa vyeti mwingine wa zamani, lakini udhamini huo ulikwisha Septemba 30, 2024. Basi simu iliyokuwa inafungua tovuti fulani bila shida ikaanza kukataa, na mwenye nayo anadhani ameibiwa. Ukiweza kupata Firefox inayokubali kwenye simu hiyo, jaribu, kwa sababu Firefox hutembea na orodha yake yenyewe haitegemei ya simu. Ikishindikana, huo ndio mwisho wa simu hiyo kwa mambo ya mtandaoni. Bado inapiga na kupokea.

Lile neno "si salama" linalokaa kimya kando ya anwani, bila ukurasa mzima wa onyo, ni jambo jingine. Tangu Julai 2018 Chrome hulibandika kwenye kila tovuti isiyotumia https. Soma matokeo ya mpira humo ukitaka. Nywila na namba ya kadi usiandike.

Najua swali linalokuja: je, nibonyeze "endelea"? Mimi hubonyeza mahali pamoja tu, kwenye ukurasa wa mipangilio wa ruta yangu mwenyewe, ambayo imejiandikia barua na kujigongea mhuri. Kwenye benki, barua pepe, maombi ya mkopo wa chuo, au popote penye nywila, hapana. Tovuti nyingine hazikupi hata hicho kitufe, na usikitafute. Na mtu akikutumia faili la cheti akisema "lisakinishe tu litaondoa onyo", mkatalie, isipokuwa ni kompyuta ya ofisi na anayesema ni mtu wao wa IT. Kusakinisha cheti ni kumpa mgeni mhuri wa mtaa. Mwaka 2019 serikali ya Kazakhstan iliwataka wananchi wake wasakinishe cheti chake, na Google, Mozilla (wenye Firefox) na Apple wakakizuia kwenye vivinjari vyao, kwa sababu mwenye cheti hicho angeweza kusoma mawasiliano ya waliokiweka.

Upande wa pili pia upo: onyo lisipotokea si kwamba tovuti ni ya mtu mwema. Tapeli naye hupata cheti bure kwa dakika chache, kwa jina la tovuti yake ya kitapeli. Chrome iliondoa ile alama ya kufuli kando ya anwani Septemba 2023, maana watu walikuwa wanaisoma kama hati ya uaminifu. Soma jina la tovuti herufi kwa herufi.

Mkigundua kosa ni la tovuti, mwambieni mwenye tovuti, na mpeni ule mstari wa herufi kubwa. "Tovuti yenu mbovu" haimsaidii fundi. Ikiwa inafungua kwenye kompyuta na kukataa kwenye simu, mwambieni hilo pia, kwani mara nyingi ni seva, ile kompyuta inayobeba tovuti, iliyotoa barua ya balozi wa nyumba kumi ikasahau kuambatanisha ya ofisi ya mtaa iliyomteua, yaani imeleta cheti chake bila kile cha aliyekidhamini.

Nasema hivi nikiwa mkosaji mwenyewe. Tovuti ndogo ya steshenari yangu inatumia cheti cha Let's Encrypt, cha siku 90, kinachojihuisha chenyewe. Mwaka 2025 kujihuisha kukagoma kimyakimya, na mimi nilikuwa nategemea zile barua pepe zao za kukumbusha, kumbe waliacha kuzituma Juni 4 mwaka huohuo. Wateja wakanipigia simu kunieleza kwamba tovuti yangu ina virusi. Sikuwa na la kusema. Hata vyeti vya kununua vinafupishwa muda wa kutumika: kutoka siku 398 kwenda 200 Machi 15, 2026, kisha 100 mwaka 2027, kisha 47 mwaka 2029, kwa hiyo kusahau kutakuwa rahisi zaidi. Sasa kwenye kalenda ya ukutani, ile yenye matangazo ya saruji niliyopewa na mzee wa saa za Kiswahili, kuna tarehe nimezizungushia kalamu nyekundu, kila baada ya miezi miwili.