Kabla ripoti yako haijafika kwa msimamizi

Wadogo zangu mlioingia chuo mwaka huu, Kiingereza kilichowavusha sekondari kinatosha kabisa kwa mazungumzo ya bwenini. Kwenye ripoti ya utafiti ni habari nyingine. Wengi wetu tuliokulia Kiswahili hukosea palepale, kwa hiyo ukishajua pa kuangalia, kazi inakuwa nusu.

Tunasema "kitabu nilichokisoma", na ule "ki" wa pili ni halali. Ukiuhamishia kwenye Kiingereza unapata "the book which I read it", na hapo "it" imezidi. Katika sentensi fupi utaiona, lakini katika ndefu inajificha: "the farmers whom the researcher interviewed them in the second week". Kila ukikuta "which" au "whom", ifuate sentensi hadi mwisho. "Ingawa" yetu hupenda kufuatana na "lakini". "Although" haitaki "but". Na kwa kuwa "yeye" hachagui jinsia, mhojiwa huanza aya akiwa "she" akaimaliza akiwa "he".

"Informations" na "equipments" ziondoleeni "s", yaishe. Kuhusu "a" na "the", msikeshe nazo mwanzoni. Hata wahadhiri wengine zinawasumbua.

Linalowaudhi wasimamizi zaidi, kwa nilivyoona, ni wakati wa kitenzi. Pendekezo la utafiti huandikwa kwa wakati ujao: "The study will use questionnaires." Mtu akirudi kutoka uwandani, anainakili sura ya tatu ileile, ya mbinu za utafiti, kwenye ripoti. Madodoso yamejazwa, matokeo yako sura ya nne, na sura ya tatu bado inaahidi! Kompyuta haipigi mstari mwekundu, maana sentensi yenyewe haina kosa. Bonyeza Ctrl na F, tafuta "will", ugeuze moja moja: "used", "were selected". Ukizifuta zote kwa mpigo utabaki na "the study use", kosa jipya juu ya lile la zamani.

Mnaopeleka kazi Wandegeya, karibu na Chuo Kikuu cha Makerere jijini Kampala, ikachapwe, mchapaji pale ni bingwa wa kasi; sarufi si kazi aliyoajiriwa. Ombeni faili mwisome wenyewe kabla haijatiwa jalada gumu, kwa sababu jalada la pili mnalilipia nyinyi.