Hisa za kampuni ya mafuta kwa punguzo: nichukue au niache?
Punguzo la 40% lisikuzuzue. Umesema wanahisa wanapewa hisa 1 mpya kwa kila 3, kwa bei ya 60, na sokoni ni 100. Basi hisa tatu za zamani ni 300, jumlisha 60 ya hisa mpya, gawa kwa hisa 4: bei itatua karibu na 90. Ukikaa kimya, hisa zako tatu zitashuka hadi 270, na hiyo 30 ndiyo thamani ya haki uliyoiacha, yaani nafasi yako ya kununua hisa mpya kwa punguzo. Huna hela? Iuze haki hiyo kabla ya siku ya mwisho, kama waraka wa toleo hilo la hisa unaruhusu.

Katika waraka huo, soma hasa ukurasa wa matumizi ya fedha zitakazokusanywa. Matangi na vituo vipya, sawa. Ila kama ni kulipa madeni yaliyoiva, ningeuza haki hiyo. Faida ya kila lita ni nyembamba, riba huila haraka.