Sanduku la chatu: lijaribu siku saba kabla nyoka hajaingia

Ndugu unayeanza kufuga, shughulikia kibali kwanza. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 hairuhusu kukaa na nyoka wa porini bila idhini ya UWA, yaani Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda, ambao makao yao makuu yako Kamwokya, Kampala. Nyoka aliyeokotwa shambani si wa kupeleka nyumbani. Maelezo haya yanamhusu chatu mdogo, Python regius, yule anayejikunja kama mpira akiogopa. Aliyekomaa huwa na urefu wa mita 1 hadi 1.5. Chatu mkubwa wa Afrika anaweza kupita mita 4, na sanduku hili halimfai.

Tengeneza sanduku la urefu wa sentimita 120, upana 60 na kimo 45. Shiti moja ya playwudi ya marine, ile inayostahimili maji, ya milimita 18 inatosha. Ndeeba, kwenye wauza mbao wa Kampala, utaipata na kukatiwa papo hapo. Shiti ina sentimita 244 kwa 122. Nusu yake inatoa sakafu na dari. Nusu ya pili inatoa mgongo wa 120 kwa 45, mbavu mbili za 60 kwa 45, na mabaki ya kutosha vipande viwili vya mbele: cha chini sentimita 10 ili tandiko lisimwagike, cha juu sentimita 8. Mkumbushe fundi kwamba msumeno unakula karibu milimita 3 kila unapopita, la sivyo kipande cha mwisho kitapelea.

Mbele ni vioo viwili vya kuteleza. Hapo ndipo nyoka wengi hutorokea. Vioo vinapopishana hubaki mwanya katikati, na kinda mwenye unene wa kidole akishapenyeza kichwa, mwili wote utafuata. Bandika ukanda wa mpira kwenye mwanya huo na ufunge kufuli kama lile la makabati ya vioo madukani. Viungo vya ndani viziwe kwa silikoni isiyo na dawa ya ukungu, na mbao zipakwe vanishi ya maji. Usiendelee mpaka harufu yote iishe, hata ikichukua wiki.

Hewa iingie chini upande wa baridi na itoke juu upande wa joto, kupitia matundu yaliyofunikwa kwa wavu wa mbu wa chuma. Kampala msimu wa mvua utayaacha wazi yote. Gulu mwezi wa Januari utalazimika kuziba baadhi ili unyevu ubaki kati ya asilimia 60 na 80.

Sasa joto, na hapa usiwe na haraka. Upande mmoja uwe na nyuzi 31 hadi 33 za Selsiasi, wa pili 25 hadi 27, na usiku pasishuke chini ya 24. Chumba cha Kampala kinaweza kushuka hadi 18 alfajiri, na Kabale ni baridi zaidi, kwa hiyo joto la kuongezea ni lazima. Kwa sanduku la mbao tumia balbu ya kauri isiyotoa mwanga, ya wati 80 hadi 100, ifungwe darini ndani ya kizimba cha waya. Bila kizimba hicho chatu atajizungusha kwenye balbu na kuungua kabla hajahisi hatari. Soketi yake iwe ya kauri pia, maana ya plastiki huyeyuka. Mkeka wa joto usiuweke chini ya playwudi: mbao huzuia joto lisipande, mkeka unajichemsha wenyewe, na moto unaweza kuzuka.

Balbu ipitie kwenye themostati, kifaa kinachowasha na kuzima umeme kulingana na joto, bila mjadala. Kihisio chake kifunge imara upande wa joto, karibu na sakafu. Kikilegea, chatu atakisukuma hadi upande wa baridi au ndani ya bakuli la maji. Themostati itadhani kuna baridi, nayo balbu haitazima tena. Weka kipimajoto kingine cha kuhakikisha, usiamini namba moja. Kumbuka pia kwamba themostati huzima joto tu, haipozi. Chumba cha mabati kisicho na dari, kule Arua au Lira wakati wa kiangazi, hakifai kabisa. Umeme unaporudi kwa kishindo huunguza themostati, hivyo tumia kifaa cha kinga kama kile cha friji. Ukikatika muda mrefu, viringisha chupa ya maji ya moto kwa taulo, iweke upande wa joto, na usimlishe: mwili ukipoa chakula hakisagiki, naye atakitapika.

Tandiko liwe kokopiti, yaani unga wa makumbi ya nazi, ile ya wenye vitalu vya miche, kina cha sentimita 5 hadi 7, nyevunyevu ndani na kavu juu. Vumbi la mbao huumiza mapafu. Maficho yawe mawili yanayofanana, moja kila upande, yenye kumbana kiasi kwamba mwili unagusa kuta. Chungu kilichopasuliwa nusu na kusagwa kingo kinafaa sana. Ukiweka ficho moja tu upande wa joto, chatu ataganda humo hata akizidiwa, kwa sababu anaogopa kuwa wazi.

Usiliweke sanduku jikoni penye sigiri wala chumba kinachopuliziwa dawa ya mbu. Na siafu, ensanafu kwa Kiganda, wanaweza kummaliza nyoka aliyefungiwa kwa usiku mmoja. Weka sanduku juu ya meza ya chuma, miguu ndani ya makopo ya maji yenye sabuni kidogo, mbali na ukuta na pazia. Waya wa umeme nao ni daraja lao. Upake grisi nene sehemu ya urefu wa kiganja na uirudie kila wiki.

Washa kila kitu siku saba sanduku likiwa tupu. Andika joto na unyevu wa pande zote mbili saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa tatu usiku. Namba zikiyumba, rekebisha na uanze kuhesabu upya. Chatu akishaingia, badilisha maji tu. Kumshika na kumlisha kusubiri wiki nyingine.