Kamba wako kabadilika rangi? Angalia nyama kabla ya kukimbilia dawa

Swali ninaloulizwa sana kuhusu hawa kamba wadogo wa maji baridi wanaofugwa kwenye tangi ni moja tu, kamba wangu alikuwa mwekundu sasa kapauka, anaumwa? Na mara nyingi anayeuliza keshamwaga dawa tangini, ndo anauliza.

Mimi siangalii kwanza rangi imepungua kiasi gani, naangalia kama bado naona ndani. Chukua tochi ya simu mmulike ubavuni, kama gamba lake ni jepesi utaona mpaka mstari wa utumbo uliopita juu mgongoni, na huyo hata kama wekundu wote umeyeyuka tulia kwanza. Ila ukikuta nyama ya mkiani imekuwa nyeupe kama maziwa, mwanga haupiti, hapo sasa shtuka. Kwa wale wa rangi nzito sana, au wenye mabaka meupe ya kuzaliwa nayo kama kristali redi (Crystal Red, aina ya kamba wa mistari myekundu na myeupe), kipimo hiki hakifanyi kazi, hao waangalie tabia, kamba mzima hakai bure, vimiguu vya mbele vinadonoa donoa kitu muda wote, akiacha kudonoa na chakula kikija hashughuliki nacho basi kuna jambo.

Sasa kupauka kwa kawaida kunatoka wapi. Rangi ya kamba imekaa kwenye viseli vya ngozi chini ya gamba, na viseli hivyo vinaweza kuitawanya au kuikusanya, ndo maana kamba aliyesafirishwa kwenye mfuko anafika kapauka hadi unadhani umeuziwa wa aina nyingine, halafu akizoea maji rangi inarudi yenyewe. Changarawe nyeupe nayo inawapausha, weka ya giza uone tofauti. Madume wamepauka kuliko majike, watoto wamepauka kuliko wakubwa, hiyo ni kawaida yao. Na chakula kina mkono wake, kwa sababu wekundu unatokana na astazanthini na jamaa zake ambazo kamba anazipata kwa kula, mwani na vyakula vyao maalum vinatosha, ila usitegemee chakula kimpe kamba rangi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo, na ukizidisha kinaoza tu chini. Mimi kikikaa saa mbili tatu hakijaisha nakitoa.

Ukiona doa la njano au kijani mgongoni nyuma ya kichwa cha jike, hayo ni mayai bado yako ndani, usimtenge, furahi.

Kujivua gamba ndo kunakotisha watu wengi. Asubuhi unakuta chini kuna kamba mweupe kabisa, sharubu zipo, miguu ipo, kila kitu kipo, unasema nimefiwa. Mguse na kijiti: kama ni mwepesi, yuko wazi ndani na ana mpasuko pale shingoni, hilo ni gamba tupu na mwenyewe kajificha kwenye majani anasubiri jipya ligumu. Liache humo, wenzake watalila wapate madini. Aliyekufa kweli huwa anageuka pinki au rangi ya chungwa, haonyeshi ndani, huyo mtoe haraka kabla hajachafua maji.

Kinachoniogopesha mimi ni pete nyeupe. Ule mstari mdogo wa juu pale kichwa kinapokutana na mkia sio tatizo, lakini pete ikizunguka mwili mzima maana yake gamba limekatika na kamba hawezi kutoka, na wengi wanafia hapo. Kumvuta kwa mkono ni kummalizia. Shida inakuwa kwenye maji, kalsiamu na magnesiamu haziko sawa, au umebadilisha maji mengi kwa mkupuo. Kwa hawa kamba wa aina ya cheri (Neocaridina) mimi napenda ugumu wa maji, ile GH inayopima madini hayo, uwe kati ya 6 na 8, nabadilisha asilimia 10 hadi 20 kwa wiki, maji mapya yakiwa na joto lile lile na nayaingiza polepole. Kristali redi na ndugu zake wanataka maji laini zaidi, usiwafuge kwa vipimo vya cheri.

Turudi kwa yule wa nyama nyeupe. Huyo mtenge siku hiyo hiyo, maana kwa weupe wa misuli sijaona dawa ya kuaminika na wenzake wakimla akifa wanaweza kuambukizwa. Halafu pima maji, amonia na naitraiti (nitrite), zile sumu za uchafu unaooza, zinatakiwa ziwe 0 kabisa, sio kidogo. Wakipauka wengi kwa pamoja ndani ya siku moja usitafute ugonjwa, tafuta sumu: klorini ya bombani, dawa ya samaki yenye shaba, dawa ya wadudu iliyobaki kwenye mimea mipya. Soma lebo jamani, shaba ambayo samaki anaivumilia kamba inamuua.

Vijinyuzi vyeupe vinavyocheza cheza puani ni viminyoo tu, vinaondoka kwa kumwogesha kwenye kikombe kimoja cha maji ya tangi na kijiko kimoja cha chakula cha chumvi ya akwariamu, sekunde 30 hadi 60, basi arudi. Madoa ya kahawia kama kutu yanayochimba gamba ni bakteria, mengine yanaisha akijivua kama maji ni safi.

Na ile kijani ya chini ya tumbo, watu wanapongezana eti jike kabeba mayai. Angalia vizuri. Mayai ni mviringo, unaweza kuyahesabu moja moja, na mama anayapepea. Ukiona nyuzi za kijani-njano zimejazana katikati ya vimiguu, tena wakati mwingine ni dume, huo ni mwani wa vimelea unaitwa Cladogonium, na unahama kwenda kwa wengine. Mtenge.

Watoto wakianza kutoka kahawia kahawia na wewe ulichanganya cheri wekundu na wa bluu, hakuna anayeumwa hapo, wamerudi rangi ya porini tu.