Mbona mhadhiri ameukataa mchoro wangu?

Wiki hii barua nyingi zimetoka kwa wanafunzi wa uhandisi, na karibu zote zinauliza juu ya kubuni vitu.

Nilipeleka mchoro wa mashine ya kupukuchua mahindi. Mhadhiri hakuutazama, akaniambia nirudi kwanza kwa wakulima. Je, ananionea? (Mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Kampala)

Hakuonei, ndugu yangu, amekusaidia. Mwaka 2007 Cynthia Atman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walichapisha utafiti uliolinganisha wanafunzi 50 wa uhandisi na wahandisi wazoefu 19. Kila mmoja alipewa kazi ileile ya kubuni uwanja wa michezo ya watoto, huku akisema kwa sauti anachowaza. Wazoefu walitumia muda mrefu zaidi kuielewa kazi yenyewe, na waliomba habari nyingi zaidi.

Sasa wewe, mkulima wa Masindi umemwuliza nini? Mahindi yake huwa yamekauka kiasi gani siku ya kupukuchua? Anayezungusha mpini ni nani, yeye au watoto wakitoka shule? Beringi ikifa, nyingine ataipata wapi na kwa shilingi ngapi? Majibu hayo ndiyo yanayoamua ukubwa wa ngoma inayozunguka ndani ya mashine, unene wa bati na kimo cha mpini. Tena mchoro uache chumbani. Ukimwonyesha kwanza, kwa heshima ya mgeni atausifu, nawe utarudi mikono mitupu.

Kutazama mashine za wengine kwenye intaneti ni kosa?

Si kosa, ila angalia unatazama wakati gani. Mwaka 1991 watafiti David Jansson na Steven Smith walieleza majaribio ambamo wabunifu walionyeshwa mfano wenye kasoro, wakazirudia kasoro zilezile katika kazi zao. Jaribio mojawapo lilikuwa la kikombe kisichomwaga kahawa. Mfano ulikuwa na mrija; wakakatazwa waziwazi kutumia mrija, na bado mirija ikatokea kwenye michoro yao! Basi chora mawazo yako kadhaa kwanza, hata yakiwa mabovu, ndipo ushike simu. Na unapotazama, tafuta palipoharibika.

Mwanangu anashinda akijadiliana na wenzake muhula mzima. Hiyo ni kazi kweli? (Mzazi, Mbale)

Ni kazi, mzee wangu. Lakini mwulize wameunda nini mpaka sasa, hata kama ni kwa maboksi na gundi. Mabishano mengi huisha kitu kinaposhikwa mkononi.

Waganda tutabuni kikubwa lini, au tutakarabati vya wageni daima?

Tumeshabuni. Kiira EV, gari la umeme la viti viwili, lilizinduliwa Makerere mwaka 2011, na basi la Kayoola likafuata mwaka 2016. Kabla ya hapo watu wa Makerere walishiriki kuunda gari la Vision 200, katika mradi wa vyuo vya nchi mbalimbali ulioongozwa na wanafunzi wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani. Walijifunza kwa kuunda, wakaja kuunda tena hapa.

Wala ukarabati usiudharau. Fundi wa Katwe, mtaa wa mafundi hapa Kampala, anajua ni ungio lipi hukatika kwanza, na kwa nini. Mwanafunzi anayeomba kukaa naye likizo moja, akishika spana na kuuliza, anapata habari zilezile ambazo wahandisi wa Atman walikuwa wakiziomba.